Lenzi Ikiugua: Tuipime, Tuitibu, Tuitunze

(Mada iliyotolewa na Kitengo cha Habari na Mawasiliano katika semina ya waratibu wa miradi na wapiga picha wa sharika za ukanda wa Pwani)



Tunapenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru kwa kazi mnayoifanya, mara nyingi bila posho. Mada tuliyopewa leo inaweza kuonekana ndogo: kamera ikianza kutoa picha mbaya kwa sababu ya lenzi, tufanye nini? Tumekubali kuizungumzia kwa sababu tumeona jinsi jambo hili dogo linavyokula fedha za miradi na kuharibu taarifa zetu.

Kwa nini tujali

Katika kazi za maendeleo picha ni sehemu ya hesabu. Mwananchi aliyechimba mtaro kwa jembe lake mwenyewe anastahili kuonekana. Mfadhili aliyetoa fedha anastahili kuona kisima kilivyokuwa kabla na baada. Picha yenye ukungu haimwonyeshi yule wala haimridhishi huyu. Isitoshe, kamera tunazotumia zimenunuliwa kwa sadaka za waumini au kwa michango ya marafiki. Sisi ni mawakili tu. Wakili hatupi kitu kinachoweza kutengenezwa, na pia hamkabidhi kitu hicho mtu wa kwanza anayesema anaweza.

Maadui wa lenzi katika ukanda wetu

Adui wa kwanza ni kuvu, ambayo wengi huiita fangasi. Mbegu zake zimo hewani kila mahali. Zikikuta vumbi kidogo, mafuta ya vidole na unyevu, huota ndani ya lenzi, juu ya vioo vyenyewe. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 au 65 kwa muda mrefu, kuvu hustawi. Sisi wa Pwani tunaujua unyevu huo, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kuvu huonekana kama utando wa buibui au vinyuzi vyeupe. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hutoa asidi inayokula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao. Kuvu ikiondolewa mapema, kioo husafika. Ikiachwa, alama hubaki hata baada ya kusafishwa.

Adui wa pili ni mchanga na chumvi ya bahari. Kamera ndogo, zile ambazo lenzi hutoka na kurudi ndani, huathirika sana. Punje moja ya mchanga inatosha kukwamisha meno ya mashine yake, na kamera ikakataa kufunguka.

Adui wa tatu ni mtikisiko. Barabara zetu mnazijua. Ndani ya lenzi mna vioo kadhaa vilivyopangwa kwa mstari mmoja, na kimoja kikisogea kidogo tu, upande mmoja wa picha hufifia.

Pima kabla ya kulaumu

Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Vivyo hivyo, kabla ya kusema lenzi imekufa, fanyeni vipimo hivi ambavyo havina gharama.

Kwanza, toeni lenzi, shikeni tochi upande mmoja, mtazame kwa pembeni kupitia upande wa pili. Utando, ukungu au vumbi jingi vitaonekana. Msitazame jua kupitia lenzi kamwe, mtaumiza macho.

Pili, bandikeni kurasa za gazeti ukutani zikiwa zimenyooka. Wekeni kamera juu ya meza, iuelekee ukuta sawasawa, mpige picha kadhaa bila kuishika mkononi. Ikiwa kona moja au upande mmoja tu haisomeki katika kila picha, huenda kioo kimesogea. Ikiwa picha yote haisomeki, tatizo linaweza kuwa kwenye ulengaji. Na ikiwa picha za mezani zinasomeka vizuri lakini za mkononi hazisomeki, basi lenzi ni nzima na mkono ndio uliotikisika.

Tatu, pigeni picha nyingine mkibadilisha tundu la mwanga, kuanzia kubwa hadi dogo, huku kamera ikijipangia muda yenyewe. Picha zikizidi kuwa nyeupe kadiri tundu linavyokuwa dogo, huenda vile visahani vinavyofungua na kufunga tundu vimeshikwa na mafuta na havifungi kwa wakati.

Nne, azimeni lenzi nyingine inayoingia katika kamera ileile. Madoa yakibaki palepale, basi vumbi limo ndani ya kamera yenyewe, si kwenye lenzi. Kipimo hiki kimeokoa watu wengi wasilipie matengenezo yasiyohitajika.

Kwa wale wanaotumia simu, na siku hizi ndio wengi, anzeni na jambo jepesi: futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Alama ya kidole huleta ukungu unaofanana kabisa na ugonjwa. Kioo cha nje kikiwa kimepasuka, fundi simu mwenye uzoefu anaweza kukibadilisha bila kugusa kamera ya ndani.

Yaliyotupata sisi

Kitengo chetu kina lenzi moja ya kazi, ya milimita 18 hadi 55. Baada ya safari ya mradi wa maji wilayani Pangani, picha zote zilikuwa zimefifia upande wa kulia. Katika picha ya kamati ya maji ya kijiji, wazee waliokaa kushoto walionekana vizuri, na kina mama waliokaa kulia hawakutambulika. Kina mama hao ndio waliobeba mawe ya kujengea kisima.

Duka moja la vifaa vya picha liliiangalia lenzi kwa dakika chache na kutuambia imekufa, tununue mpya. Kamati ya fedha ilikaa. Fedha pekee iliyokuwepo ilikuwa ya mafunzo ya watunza pampu wa vijiji. Mjumbe mmoja alisema mafunzo yasubiri mwaka ujao. Mwingine, mama mtu mzima, akauliza: "Pampu ikikwama mwezi ujao, tutaipiga picha ikiwa imekwama?" Ukumbi ukanyamaza. Tukakubaliana tupate kwanza maoni ya mtu wa pili.

Tukaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza kamera tangu enzi za filamu. Tulipomkabidhi lenzi, hakuifungua.

"Shikamoo, fundi. Tumeambiwa hii haifai tena."

"Marahaba. Nani kaipima?"

Tukamwonyesha picha za gazeti tulizopiga ukutani. Akazitazama moja baada ya nyingine, akamulika tochi, kisha akatueleza mambo mawili. Kioo kimoja cha mbele kimelegea, nacho kinarudishika. Ndani kuna kuvu, nayo inasafishika, lakini imeshaanza kula. "Nitaisafisha, ila alama haitatoka," alisema. "Mkipiga mkielekea jua, picha itakuwa na weupe. Lipeni jua mgongo, itawafaa miaka." Akataja bei kabla ya kushika bisibisi, na ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na ya lenzi mpya.

Lenzi ilirudi jinsi alivyosema: upande wa kulia unasomeka, na weupe unatokea tukielekea jua. Mafunzo ya watunza pampu yakafanyika. Tukarudi Pangani kupiga picha upya, safari hii kina mama wakiwa mbele.

Funzo kutoka angani

Jambo hili si la wanyonge peke yao. Mwezi Aprili 1990, Marekani ilirusha angani darubini ya Hubble ikishirikiana na nchi za Ulaya. Picha za kwanza zilipofika duniani zilikuwa na ukungu. Uchunguzi ulionyesha kuwa kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa kimechongwa kwa umbo lisilo sahihi. Kingo zake zilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban mikroni 2, kipimo kidogo sana kuliko unene wa unywele. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupimia kiwandani, ambacho lenzi yake iliwekwa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Vipimo vingine viliashiria kasoro, lakini havikusikilizwa kwa kuwa kile kifaa kiliaminiwa zaidi.

Kioo hakikuweza kubadilishwa huko juu. Lakini kwa kuwa kasoro ilipimwa kwa usahihi, wataalamu waliweza kutengeneza vifaa vya kuirekebisha, kama vile daktari wa macho anavyompa mtu miwani. Mwezi Desemba 1993 wanaanga walipanda kwa chombo cha Endeavour wakavifunga, na Hubble ikaona vizuri. Imefanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo.

Tunajifunza mambo mawili. Kipimo kimoja kisidharau vingine. Na kasoro ikijulikana sawasawa, matengenezo yake huwa yamekaribia nusu.

Unapokwenda kwa fundi

1. Andikeni namba ya lenzi na kuipiga picha pande zote kabla ya kuitoa ofisini.

2. Toeni kadi ya kumbukumbu. Humo mna picha za wagonjwa, watoto na wajane waliotuamini. Si halali zikapita mikononi mwa mtu asiyehusika.

3. Pelekeni picha za majaribio. Fundi mzuri atazifurahia.

4. Ulizeni bei ya uchunguzi na ya matengenezo kabla lenzi haijafunguliwa, na mpewe kwa maandishi.

5. Ombeni mrudishiwe kila kifaa kilichobadilishwa.

6. Rudieni jaribio la gazeti palepale kabla ya kumaliza malipo. Chukueni risiti na mkubaliane muda wa dhamana.

Mkiambiwa gharama inakaribia bei ya lenzi nyingine iliyo nzima, basi kununua ni busara. Kutengeneza si ibada. Tunatengeneza pale panapokuwa na faida kwa kazi.

Msifungue lenzi wenyewe, na msitumie dawa ya meno, spiriti ya taa wala kanga kusugulia kioo. Msiianike juani mkidhani kuvu itaisha. Jua halifuti alama, na lenzi hukusanya miale kiasi cha kuweza kuunguza kitu.

Kinga

Hifadhini lenzi katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya punje zinazonyonya unyevu. Punje zenye rangi hubadilika zikishiba. Zile za bluu huwa za waridi. Zikaushwe kwa moto mdogo, lakini si katika sufuria ya chakula, kwa kuwa rangi ya bluu ina sumu. Mchele usitumike, una vumbi. Mfuko wa ngozi ni mzuri safarini, lakini hutunza unyevu; lenzi isilale humo wiki nzima.

Mkitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kuingia kwenye joto, acheni kamera ndani ya mfuko mpaka ipate joto la nje, vinginevyo maji yatatanda kwenye kioo. Mkirudi kutoka ufukweni, pulizeni vumbi kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta. Na kila wiki itumieni, hata kwa picha mbili. Lenzi inayopata hewa na mwanga haipendwi sana na kuvu.

Hitimisho

Wapendwa, tunaomba kila usharika uchague mtu mmoja wa kutunza kamera, awe na daftari la kuandika nani ameichukua, lini, na imerudi katika hali gani. Tunaomba pia jaribio la gazeti lifanyike mwanzoni mwa kila robo mwaka, kabla ya safari za miradi, ili ugonjwa ugunduliwe ungali mdogo. Mkishapata majibu, tuleteeni, tuyatazame pamoja.