Nishani Haijisemei

Wazee wa pwani yetu walioshika riale ya fedha katika karne ya 19 walikuwa wameshika sura ya mwanamke wa Vienna, ingawa wengi wao hawakuwa na habari za jina lake. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, malkia wa ukoo wa Habsburg uliotawala Austria. Riale yake ilizunguka Unguja, Maskati na Uhabeshi kama sarafu ya nyumbani. Kila moja imeandikwa mwaka 1780, ndio mwaka aliofariki. Lakini nyingi hazikutengenezwa mwaka huo. Kiwanda cha sarafu cha Vienna kiliendelea kuzipiga kwa tarehe ile ile, na katika karne ya 20 zikapigwa pia Roma, London, Paris na Bombay. Fedha ni ya kweli na uzito ni wa kweli, ila mwaka si wake.

Nimeanza na riale kwa sababu ya swali la msikilizaji mmoja. Amesikia kwamba nishani za kale za jeshi la Austria zinauzwa kwa bei kubwa katika minada ya Ulaya, naye anauliza: mtu atajuaje ipi ni ya kweli? Jibu langu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu kidogo. Nishani haijisemei. Husemewa na mashahidi.

Watu wa Vienna wenyewe walilijua jambo hilo zamani. Tarehe 18 Juni 1757 majeshi ya Austria yaliyashinda majeshi ya Mfalme Frederick wa Prussia karibu na mji wa Kolín, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Nishani ya Kijeshi ya Maria Theresa. Ilikuwa ya maofisa tu, lakini haikuuliza baba yako ni nani wala dini yako ni ipi. Iliuliza jambo moja: je, ulitenda kwa hiari yako tendo la ushujaa ambalo hata ungaliliacha, hakuna ambaye angalikulaumu?

Ofisa hakuletewa nishani hiyo nyumbani. Aliiomba mwenyewe, akaeleza tendo lake na kuleta ushahidi wa walioliona. Baraza la nishani likakaa, likapima, likapiga kura. Dola lilipoanguka mwaka 1918 maombi mengi yalikuwa bado mezani, na baraza likaendelea kuyapima hadi mwaka 1931. Tangu mwanzo hadi mwisho waliopewa ni elfu moja na ushei. Wa mwisho wao, rubani wa jeshi la majini Gottfried von Banfield, alifariki mwaka 1986.

Sasa sikilizeni mahali mkorogo unapoanzia. Nishani za juu za namna hiyo zilikuwa mali ya dola, na mwenye nayo akifariki warithi walitakiwa kuirudisha. Kwa hiyo maofisa wengi walikwenda kwa sonara wakatengenezewa ya pili ya kuvaa kila siku. Baada ya mwaka 1918 masonara waliendelea kuzitengeneza kwa ajili ya wakusanyaji. Hivyo msalaba mmoja wa rangi nyeupe waweza kuwa ule uliotolewa na dola, au wa sonara wa wakati ule ule, au wa miaka mingi baadaye. Mimi siiti ya pili bandia, na hata ya tatu si dhambi ikiuzwa kwa jina lake. Udanganyifu unaanza pale muuzaji anapoipa ya tatu jina la ile ya kwanza.

Askari wa kawaida nao walikuwa na nishani yao. Kaizari Joseph wa Pili, mwana wa Maria Theresa, aliianzisha mwaka 1789: medali ya ushujaa, ya dhahabu na ya fedha. Mwaka 1848 ikaongezwa ya fedha iliyo ndogo zaidi, na mwaka 1915 ya shaba. Mwenye medali hii aliweza kupata pia posho ya kila mwezi, na mahali palipo na posho pana daftari. Hilo tulikumbuke.

Katika soko moja la vitu vikuukuu mjini Vienna niliwahi kuoneshwa medali ya dhahabu ya ushujaa. Muuzaji aliisifu mpaka nikaingiwa na shaka, maana wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikutazama sura ya kaizari. Niliigeuza nikatazama ukingo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza dhahabu ilipoadimika, medali nyingine zilitengenezwa kwa shaba iliyochovywa dhahabu, na ukingoni zikapigwa neno BRONZE, yaani shaba. Hizo ni halali kabisa. Nyingine zina neno UNECHT, maana yake si halisi. Ya bwana yule ilikuwa na ukingo uliosuguliwa kwa tupa hata haukusoma neno lolote. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Baada ya ukingo, tazama maneno na sura. Medali ya Kaizari Franz Joseph ina maneno ya Kijerumani, DER TAPFERKEIT. Ya Kaizari Karl, aliyetawala tangu Novemba 1916, ina neno la Kilatini, FORTITUDINI. Sura ya mmoja ikikutana na neno la mwingine, rudisha. Halafu tazama kama imepigwa kwa mhuri au imemiminwa katika kalibu. Iliyomiminwa huwa na vitundu vidogo, nywele na ndevu za kaizari hufifia, na kwa kuwa chuma kikipoa hunywea, nakala hupungua kipimo.

Misalaba ya sonara ina mashahidi wengine. Tangu mwaka 1867 hadi 1922, vitu vidogo vya fedha Austria vilipigwa alama ya kichwa cha mbwa wa kuwinda, na vya dhahabu kichwa cha mbweha. Mtu akikuuzia msalaba akasema ulivaliwa katika vita vya Napoleon, nawe ukaona mbwa yule, basi mbwa amekwisha kubweka. Vivyo hivyo panga mbili zilizopishana: ziliongezwa katika nishani kadhaa mwezi Desemba 1916. Haziwezi kuwa za mtu aliyezikwa mwaka 1900. Hata utepe ushikwe. Wao huukunja kwa umbo la pembetatu, na nyuzi za kisasa mara nyingi hung'aa chini ya taa ya urujuanimno ambapo za zamani hukaa kimya.

Lakini, ndugu zangu, hayo yote yanathibitisha chuma tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Medali nyingi za Austria hazikuandikwa jina la aliyepewa. Kwa hiyo mjanja huweza kuchukua karatasi halisi ya askari fulani na medali halisi ya mwingine, akaziweka pamoja, akauza historia ambayo haikutokea. Dawa yake ni daftari. Nyaraka za kijeshi zilizohifadhiwa Vienna zina mapendekezo ya nishani yaliyoandikwa na makamanda: nani, siku gani, mahali gani, alifanya nini. Anayeruka hatua hiyo amenunua chuma, na aliyekufa akiwa na haki ya kukumbukwa amevuliwa tendo lake akavikwa mgeni.

Jambo hili linatugusa na sisi. Babu zetu waliopigana katika vikosi vya King's African Rifles huko Burma walipewa Nyota ya Burma, nayo kwa upande wao haikuandikwa jina. Siku mjukuu anapoiuza kwa mpita njia, au anapoitupa karatasi ya kuachishwa jeshi na kubaki na nyota peke yake, ameikata ndimi zote mbili. Kwa hiyo nawaomba wenye vitu hivyo ndani ya masanduku: msivisugue kwa majivu ili ving'ae, msivitenge na karatasi zake, na kama mzee yungali hai, kaeni naye jioni moja na daftari. Andikeni jina lake, namba yake, kikosi chake, na alichokiona. Mwandike leo, maana shahidi akishazikwa, hakuna sonara wa kumtengeneza mwingine.