Redio ikibadili masafa, nani anaulizwa?

Msikilizaji, tuanze na tetesi zisizokauka vijiweni: redio ya jirani kuhama masafa, au kuacha vipindi vya wakulima na kujaza muziki. Kwanza, masafa hayahamishwi kwa matakwa ya mwenye redio. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo inayotoa leseni, na hapa Kyela mawimbi ya FM hayaishii Mto Songwe, mpakani na Malawi. Bendi ya megahezi 87.5 hadi 108 hupangwa kwa kuzingatia majirani, chini ya mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1984. Kuna pia milima ya Livingstone: mnara ukihamishwa, Matema wanaweza kubaki na mkwaruzo mtupu huku mjini wakisikia vizuri.

Ama kuhusu vipindi, wapo wasemao muziki huvuta matangazo ya biashara, na redio isiyo na fedha hufa. Hoja hiyo ina uzito. Umeme na mishahara lazima vilipwe. Lakini mvuvi wa Itungi anayeingia Ziwa Nyasa usiku anahitaji tahadhari ya upepo kabla hajaondoka, na mkulima wa kakao anahitaji bei ya mnada. Hayo, kwa maoni yangu, hayafidiwi na wimbo wowote. Je, kabla ya uamuzi, wasikilizaji wa mwambao huu wataulizwa, na nani?