Hotuba ya Mahafali ya Wauguzi na Matabibu: Chanjo, Dripu na Mionzi

Chanjo za saratani ni za namna mbili, na anayehudumu zahanati ya Newala ataulizwa juu ya zote mbili kana kwamba ni moja. Ya kwanza hukinga. Tangu 2018 Tanzania nzima huwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi. Kuanzia 2024 ni dozi moja, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Aliyekwisha kuugua haimponyi.

Ya pili hutibu, na bado iko kwenye majaribio kwa ugonjwa huu. Huzifunza seli za kinga kuitambua saratani iliyokwisha ota. Ikitolewa peke yake mara nyingi hushindwa, kwa kuwa uvimbe hujizungushia seli zinazoifunga kinga mikono. Ndiyo maana huunganishwa na tiba nyingine. Mionzi huua seli za saratani, nazo zikifa humwaga protini ambazo kinga huzibaini. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, huweza kupunguza zile seli zizuiazo. Tatizo ni kwamba hushusha pia chembe nyeupe za damu, hivyo siku ya kuchanja ina uzito sawa na chanjo yenyewe. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwapa wanawake wenye saratani hii iliyosambaa dripu za kemo, kaboplatini na paklitakseli, wakaanza kuchanja wiki mbili baada ya mzunguko wa pili, vizuizi vikiwa vimepungua na seli T za kinga zikiitikia. Matokeo yao ya 2020 yanatia moyo, lakini wagonjwa walikuwa 77 tu.

Mgonjwa wa Masasi anayepewa rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, hukuta mchanganyiko wa zamani zaidi: mionzi ya nje na ya ndani, pamoja na kemo ya sisplatini kila wiki. Tiba yote inatakiwa kwisha ndani ya wiki nane. Anayerudi nyumbani katikati kuokota korosho huupa uvimbe nafasi ya kukua tena, na hilo aelezwe kabla hajapanda basi.

Wahitimu wa leo hawatakuwa na mashine ya mionzi. Watakuwa na siki, pamba na taa za kuchunguzia dalili za awali: mlango wa kizazi hupakwa siki, husubiriwa dakika moja, na doa jeupe likionekana mapema huweza kutibiwa kwa kuunguzwa siku hiyohiyo.