Stakabadhi Zipo, Lakini Hazionekani
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimepewa dakika chache niseme habari za kazi ya ofisi yetu. Wenzangu wamekwisha kusema juu ya kahawa, bei na mikopo, tena wamesema vizuri kuliko niwezavyo mimi. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo moja tu, ambalo msimu uliopita lilikaribia kutuvunjia heshima, nalo ni zile siku tatu ambazo kompyuta zetu zilikataa kutafuta stakabadhi.

Wengi mwakumbuka. Mzee mmoja alifika dirishani na stakabadhi ya magunia manne mkononi. Karani akaandika namba yake, akatazama, akasema, "Mzee wangu, haimo." Yule mzee akaniita, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kahawa yangu imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa imefika barabarani, na neno "wizi" lilikwisha kutamkwa. Siwalaumu waliolitamka. Aliyetoa mali yake, kisha akaambiwa haijulikani, afikiri nini?

Ndugu wanachama, yawapasa mjue kwanza kwamba kuhifadhi ni kazi moja na kutafuta ni kazi nyingine. Stakabadhi zenu hukaa katika hifadhidata, ambayo ndiyo ghala. Kutafuta hufanywa na programu nyingine iitwayo Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, nayo hutengeneza faharasa mfano wa ile iliyo mwisho wa kitabu. Faharasa yaweza kuharibika na ghala likawa salama. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Hata gunia moja halikupotea.

Faharasa yetu imewekwa katika seva tatu zifanyazo kazi kwa umoja. Imekatwa vipande, na kila kipande kina asili na nakala, wala asili na nakala yake haziwekwi katika seva moja. Seva moja ikianguka, nyingine zashika kazi yake. Tena seva hizo humchagua kiongozi kwa wingi wa kura, kama sisi tumchaguavyo Mwenyekiti.

Basi kosa lilianzia wapi? Lilianzia katika diski. Programu hii ina mipaka yake iliyowekwa tangu mwanzo. Diski ya seva ikijaa asilimia 85, seva hiyo haigawiwi vipande vipya. Ikifika 90, vipande vyaanza kuhamishwa. Ikifika 95, kila faharasa yenye kipande humo hufungwa isiandikwe, ila husomwa tu. Sisi tuliacha mafaili ya zamani yarundikane mwaka mzima bila kufagia. Msimu ukachanganya, diski ikafika 95, na stakabadhi mpya zikaingia ghalani pasipo kuingia katika faharasa. Stakabadhi ya mzee wetu ilikuwa mojawapo.

Kosa la pili tulilifanya kwa mikono yetu. Kwa hofu, seva zote tatu zilizimwa kwa pamoja, kisha ikawashwa moja tu, tukangoja ipone. Haikujibu hata neno. Tukadhani imekufa, kumbe ilikuwa ikishika sheria. Ninyi mwajua kwamba mkutano usio na akidi hauwezi kupitisha azimio. Katika seva tatu akidi ni mbili. Moja peke yake haina ruhusa ya kujifanya kiongozi, maana kama zingeruhusiwa, seva zilizotengana zingeweza kuandika habari mbili zinazopingana. Tulipowasha ya pili, kiongozi akapatikana na vipande vikaanza kufunguka. Tulipowasha ya tatu, nakala zikarudi mahali pake. Kisha tukafuta mafaili yale, na diski ikapata nafasi. Tangu toleo la 7.4, kufuli ile hufunguka yenyewe diski ikishuka chini ya kiwango cha kuhamisha vipande. Katika matoleo ya nyuma ilibidi ifunguliwe kwa amri. Mwisho tukazisoma upya kutoka ghalani stakabadhi zote zilizokosekana.

Kutokana na msiba ule tumejiwekea utaratibu, nao umebandikwa ukutani ofisini. Kwanza, tusizime kitu kabla ya kuuliza. Seva zikiulizwa hali yao hujibu kwa rangi: kijani, vipande vyote vipo, manjano, asili zote zipo ila nakala fulani hazina mahali, nyekundu, asili ya kipande kimoja au zaidi haipatikani. Pili, tuhesabu seva zilizomo katika umoja. Tatu, tuulize kipande kisicho na mahali kimekosa kwa sababu gani, kwani programu yenyewe hueleza. Nne, tutazame diski na kumbukumbu ya kila seva, maana seva iliyoelemewa na kumbukumbu huzubaa hata wenzake wakaihesabu imekufa. Tano, mtu asifute faharasa mpaka tuwe na hakika kwamba ghala ni zima.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ndilo kubwa kwangu. Wakati wa nyekundu, programu hii yaweza kutoa majibu nusu, kwa vipande vilivyo hai tu. Jibu lenyewe hutaja ni vipande vingapi vilivyoshindwa, lakini skrini yetu haikumwonyesha karani habari hiyo. Sasa humwonyesha. Tena karani haruhusiwi kumwambia mkulima "haimo" kabla ya kutazama katika hifadhidata yenyewe. Wakati wa shida atasema, "Mzee wangu, mashine haijibu, stakabadhi yako ni halali, nipe niinakili."

Yule mzee alilipwa siku ya nne. Nilimpelekea fedha zake nyumbani mwenyewe, nikamwomba radhi. Leo nawaomba radhi nanyi mliosimama juani siku zile. Tafadhali tunzeni stakabadhi zenu za karatasi. Siku zile tatu, hizo ndizo zilizokuwa mashahidi wetu sote.