Kazi ya Rekodi za Afya: Jipime Kwanza

(Hotuba ya afisa wa rekodi za afya kwa vijana waliomaliza kidato cha nne)



Wengi mkisikia rekodi za afya mnafikiria kompyuta tu. Njooni dirishani asubuhi. Mama amebeba mtoto mwenye homa, na kuna faili mbili zenye jina moja. Ukitoa isiyo yake, daktari atasoma mzio wa mtoto mwingine. Hapo panahitaji mtu mtulivu, anayeuliza mara ya pili bila kumkaripia mgonjwa.

Kama unapenda hesabu, kuna fomu ya MOH 705A, ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka 5. Jumla zake huingizwa kila mwezi katika mfumo wa kitaifa, KHIS. Anayeona visa vya kuhara vimepanda ghafla, akapiga simu siku hiyo hiyo, huyo namtaka ofisini. Wa mitambo naye atunze KenyaEMR, mradi awe na subira ya kuwaelekeza wauguzi.

KMTC inatoa cheti na stashahada. Wazazi, msiwasukume kwa sababu tu ni kazi ya kuketi. Kabla ya kulipa karo, kijana aombe ruhusa akae siku moja katika masjala ya kituo cha afya kilicho karibu.