Je, Yajayo Yamekwisha Kuandikwa?



Nimeombwa niseme machache kabla ya chakula. Nitasema juu ya maneno ambayo sote huyatumia: "Ndivyo ilivyopangwa."

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwenzetu mmoja wa bweni alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Usiku ule tulikaa vitandani tukimwonea huruma. Tulikuwa na fedha tulizochanga kwa safari ya Bagamoyo, nami nilikuwa mwekahazina. Zingetosha. Mmoja wetu akasema, "Ndivyo alivyopangiwa," nasi tukazima taa. Hakurudi tena.

Nilipofika chuo kikuu nilidhani nimepata udhuru wa kitaalamu. Mwaka 1814 mwanahesabu Mfaransa, Laplace, aliandika kwamba kama ingekuwako akili inayojua nguvu zote za ulimwengu na mahali pa kila kitu kwa wakati mmoja, basi kwa akili hiyo yajayo yangekuwa wazi kama yaliyopita. Yaani njia ni moja tu.

Lakini elimu haikusimama hapo. Mwaka 1961 Edward Lorenz wa Marekani alikuwa akipiga hesabu za hali ya hewa kwa kompyuta. Mahali pa 0.506127 aliingiza 0.506, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alikuta hali ya hewa nyingine kabisa. Kanuni zilikuwa zile zile. Tofauti ndogo mno ya mwanzo ndiyo iliyobadili mwisho. Basi hata kama kila jambo lina sababu yake, hakuna binadamu awezaye kuzipima zote kiasi cha kuyasoma yajayo.

Tena iko radiamu. Nusu ya atomu zake huvunjika katika miaka 1,600 hivi, lakini ni ipi itakayovunjika leo, fizikia haina njia ya kusema. Wanasayansi wengi wameona hapo dalili kwamba yajayo ni zaidi ya moja. Hata hivyo sitajificha nyuma ya radiamu, kwa maana bahati nasibu si uamuzi.

Natukubali kwamba Laplace alisema kweli. Mnyororo wake wa sababu haukulizunguka bweni letu. Ulipita mle ndani, katika sanduku la fedha ambalo ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Kunyamaza kwangu kulikuwa sababu mojawapo. Tulisema mpango umekwisha kuandikwa, kumbe ndio kwanza tulikuwa tunauandika.

Na ile ada tuliyoiona kuwa ni majaaliwa? Katika shule za serikali imefutwa: kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, cha tano na cha sita mwaka 2022. Watu walikaa, wakaamua.

Siku hizi, mwananchi akisimama mbele ya meza yangu, nami ulimi ukitaka kumwambia "ndivyo ilivyo," hulikumbuka lile sanduku, nikalifungua jalada lake upya.

Ndugu zangu, mchana huu tutajadili mfuko wa nauli na sare kwa wanafunzi wasiojiweza. Wako vijana ambao kesho yao bado haijaamuliwa. Tafadhalini, tusizime taa.