Mimba Haingoji Kafyu Iishe

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



 

Ndugu yangu msomaji, nilipopewa nafasi hii wazee walitarajia nizungumzie nguzo za funga. Mimi nikaomba nizungumzie kliniki ya waja wazito wakati wa janga. Vijana wenzangu wakacheka. "Hayo si mambo ya akina mama?" Sikuwajibu. Niliwapa kisa, na wewe pia nakupa.

Ni Ramadhani ya mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo. Misikiti ikafungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale wetu ukawekewa vizuizi: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Nilikuwa na miaka 17.

Dadangu mkubwa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe amekwama Nairobi, kwa hiyo akaja kukaa kwetu. Kliniki alikuwa ameenda mara mbili, Januari na Machi. Aprili hakwenda. Mei hakwenda. Hakuna aliyemkataza kwa ubaya. Mamangu alimwambia, "Mwanangu, huko ndiko kwenye ugonjwa, utaurudi nao." Mimi nikaongeza yangu: ati ukipimwa tu ukapatikana na virusi, unapelekwa karantini ukazalie huko. Nilikuwa nimeyasikia barazani, nikayaleta nyumbani kama habari ya kweli.

Kumi la mwisho likaingia. Siku moja baada ya futari dadangu akalalamika kichwa kinamuuma sana. Nikamwambia, "Ni saumu hiyo, kunywa chai ulale." Naam, alikuwa akifunga, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama anaweza. Siku ya pili uso umemvimba, na anasema anaona ukungu. Tukasema ni uchovu. Saa nne usiku akashikwa na degedege.

Hapo ndipo tulipojua kafyu ni kitu gani. Nilimgongea jirani mwenye tuktuk, akanionea huruma lakini akaogopa askari. Simlaumu. Sote tuliona yaliyotokea Likoni Feri siku ile ya kwanza ya kafyu, watu walivyopigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa yenyewe haijafika. Wa pili naye akakataa. Wa tatu akakubali. Tulifika hospitali baada ya karibu saa mbili.

Daktari alituambia ni kifafa cha mimba. Dadangu alipona, alhamdulillah. Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume, na tuliomzika tulikuwa watu wanne.

Msomaji wangu, siwezi kukwambia kwa yakini kwamba kliniki ingemwokoa mtoto yule. Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini presha ya damu haionekani kwa macho, lazima ipimwe, na kwa miezi miwili hakuna aliyempima dadangu. Na mimi, niliyemaliza chuo, ninayezijua hukumu za swaumu kwa moyo, sikuijua hata dalili moja ya hatari ya mja mzito. Nilimpa chai.

KLINIKI INA NINI?

Wengi wetu twadhani kliniki ni kwenda kupimwa tumbo na kurudi. La. Pale mama hupimwa presha na mkojo, maana hivyo viwili ndivyo vinavyofichua kifafa cha mimba kabla hakijafika. Hupimwa damu kujua kama imepungua, na kama ana kaswende au virusi vya ukimwi, ili mtoto akingwe mapema. Hupewa vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda. Sisi wa Pwani, na ndugu zetu wa upande wa Ziwa Victoria, hupewa pia dawa ya kuzuia malaria na neti. Yote huandikwa katika kile kijitabu cha Mama na Mtoto.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonwe mara 8, ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Hebu angalia hesabu hiyo: nyingi ya ziara hizo ziko miezi ya mwisho, maana huko ndiko hatari huongezeka. Dadangu alikosa pale pale zilipoanza kukaribiana.

Na wala si sisi wa kwanza. Ebola ilipoingia Sierra Leone mwaka 2014, waja wazito waliogopa hospitali wakabaki majumbani. Watafiti walikuja kukadiria kwamba akina mama na watoto wachanga waliokufa kwa kukosa huduma, pamoja na watoto waliozaliwa wafu, walikuwa kiasi cha 3,600, karibu sawa na watu waliouawa na Ebola yenyewe katika nchi ile. Janga lina mikono miwili. Mmoja ni ugonjwa, na wa pili ni hofu ya ugonjwa. Sisi tulinawa mikono tukavaa barakoa kuukwepa ule wa kwanza, wa pili tukaukaribisha ndani.

DINI INASEMAJE?

Kuna wanaosema, "Tawakali tu, wangapi walizaa bila kliniki?" Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mwenye ngamia, alimfunza amfunge kwanza kisha ndio ategemee. Na soma Suratu Maryam. Bibi Maryam yuko katika uchungu, peke yake, chini ya mtende. Allah aliweza kumteremshia tende bila yeye kuinua mkono, lakini aliamrishwa autikise mtende. Mja mzito mwenye uchungu ameambiwa atikise mti! Wewe na mimi wenye afya zetu tutakaa tusubiri?

Katika Suratu Luqman tunakumbushwa kwamba mama alituchukua katika udhaifu juu ya udhaifu. Aya hiyo tunaisoma tukifunza kuwatii wazazi, na ni sawa. Lakini huo udhaifu hauko kwa mamako peke yake. Uko kwa dadako leo, uko kwa mkeo kesho.

Na kuhusu funga: mja mzito akichelea nafsi yake ana ruhusa kula, akalipa baadaye. Akichelea mtoto peke yake, kwa madhehebu yetu ya Shafi atalipa na kutoa fidia. Hii ni rehema ya Mola wetu. Usimfanye dadako aone haya kula mchana ndani ya nyumba yenu. Mwambie aulize daktari na sheikh, tena mpeleke wewe.

TUFANYE NINI?

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na korona tumeanza kuisahau. Lakini njia hufungwa kwa mambo mengi. Desemba 2020 wauguzi waligoma, na milango ya kliniki nyingi za serikali ikafungwa. Mafuriko hukata barabara. Kwa ndugu zetu wa Mandera na Wajir, umbali peke yake ni kafyu ya kila siku. Kwa hiyo tujipange sasa, njia zikiwa wazi.

Kwanza, tujue dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, maji kuvuja, homa kali, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiona moja, usiulize ni saumu au si saumu. Ni hospitali.

Pili, kila mtaa uwe na orodha ya wenye magari na tuktuk waliokubali kuamshwa usiku, na namba zao zibandikwe msikitini. Nairobi, Aprili 2020, Daktari Jemimah Kariuki na wenzake walianzisha Wheels for Life: mama apiga simu ya bure, daktari amsikiliza, na kama ni dharura apelekewa gari bila malipo kafyu ikiwa imeingia. Sisi hatuna shirika, lakini tuna vijana wenye leseni.

Tatu, pesa na karatasi. Linda Mama haipo tena kama tulivyoizoea. NHIF iliondolewa na tangu Oktoba 2024 mambo yako chini ya SHA. Msajili mama mapema na muulize hospitali mnayoitegemea inagharimia nini, msingoje uchungu uanze.

Nne, ikitokea janga jingine, kabla hujasambaza habari ya kutisha kwenye simu yako, piga simu kituo cha afya uulize kama kliniki inaendelea. Neno langu moja la barazani lilichangia kumkalisha dadangu nyumbani.

Tukimswalia maiti twasema ni fardhi kifaya: wakiinuka baadhi, dhambi yaondoka kwa wote, na wakikaa wote, wote wana lawama. Kumfikisha mja mzito hospitali nako kusiwe kazi ya mumewe peke yake, maana mumewe huenda amekwama Nairobi.

Dadangu alijaaliwa tena, msichana, mwaka 2023. Kila tarehe ya kliniki nilimpeleka mimi, nikamshikia kile kijitabu. Nilikuwa kijana wa kiume pekee kwenye lile benchi, na akina mama walinicheka. Natamani Ramadhani ijayo wasiwe na wa kumcheka, kwa kuwa tutakuwa wengi.